Karema, Miaka 140: Misheni Iliyoandika Siku Zake

Mwaka 2025 misheni ya Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ilitimiza miaka 140 tangu ipokewe na Wamisionari wa Afrika, ambao wengi tumezoea kuwaita Mapadre Weupe. Siku hizi Karema iko Mkoa wa Katavi, lakini sisi wa Laela na Ufipa yote tunahusika nayo moja kwa moja. Jimbo Katoliki la Sumbawanga ndilo lililokuwa Jimbo la Karema, na lilibadilishiwa jina mwaka 1969. Anayetafuta habari za kale za parokia zetu, akizifuata kwa kurudi nyuma, ataishia kwenye mji ule mdogo wa ziwani.

Kituo chenyewe hakikuanzishwa na mapadre. Agosti 1879 Kapteni Ernest Cambier, askari wa Kibelgiji, alijenga boma Karema kwa niaba ya Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichokuwa chini ya Mfalme Leopold II. Wakati huo Mto Lukuga ulikuwa umeshafungua njia ya kuyatoa maji ya ziwa upande wa Kongo. Ziwa likashuka mwaka hadi mwaka, na boma lililojengwa karibu na maji likajikuta mbali na ufuko. Mwaka 1885 Leopold, ambaye fikra zake zote zilikuwa Kongo, aliwaachia mapadre boma hilo. Kijiji kilichokua kando yake kilikaliwa na watu wengi waliokombolewa utumwani, wakiwemo watoto ambao hawakujua tena kwao ni wapi.

Kati ya waliowahi kupitia machungu hayo alikuwamo Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi ya Mto Niger, Mali ya leo, akaibwa angali mtoto, akauzwa, kisha akakombolewa na mapadre na kusomeshwa uganga huko Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akaoa hapo, akatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Mwanawe Joseph alipewa upadre. Sumbawanga mjini, mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Dk. Atiman Kristu Mfalme anatibiwa chini ya jina lake.

Kutoka Karema kazi ilisambaa kwenda Kala, Kirando, Zimba, Kate na Mwazye, ikapanda milima hadi nyanda za juu za Ufipa. Aliyeisimamia kwa muda mrefu ni Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeiongoza tangu mwaka 1891 mpaka kifo chake mwaka 1917. Mwaka 1913 alichapisha kitabu cha Kifaransa kuhusu watu wa mwambao huu na desturi zao. Mwaka uliofuata mwenzake, Padre Wyckaert, aliandika katika jarida la Anthropos juu ya wafua chuma wa huku. Mafundi wa Kifipa walijenga tanuru refu kuliko mtu, lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuru dogo, kisha kikafuliwa majembe. Kazi hiyo ilikufa katika karne ya 20, na magofu ya tanuru hizo bado yanaonekana porini.

Habari hizi hazikupona kwa bahati. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika, aliagiza kila kituo kiwe na shajara: mvua iliyonyesha, mgeni aliyefika, njaa, ndui, ugomvi na mtemi, vyote viandikwe. Tangu mwaka 1879 shirika lilichapisha taarifa za vituo kila miezi mitatu, na tangu mwaka 1905 likaanza kutoa kitabu cha ripoti kila mwaka. Vitabu hivyo na picha nyingi zilizopigwa na mapadre vimehifadhiwa Roma. Ndivyo vilivyomsaidia mwanahistoria Kathleen Smythe kuandika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya familia za Kifipa za Nkansi. Lakini yeye hakuishia kwenye makaratasi. Alikaa na wazee vijijini akawasikiliza, kwa kuwa mapadre waliandika waliyoyaona wao, na mengi ya nyumbani hawakuyaona.

Picha za zama zile zina upungufu huohuo. Padre au ofisa aliyesimama katikati huandikwa jina; waliomzunguka huitwa tu wakatekumeni, wapagazi au wanawake wa Kifipa. Majina yao yamo katika vitabu vya ubatizo vya parokia, na vinywani mwa wajukuu. Roma haina wa kutuambia kwamba yule binti wa kushoto ndiye baadaye alikuwa bibi wa fulani wa Laela. Sisi tunaweza, ila wanaoweza wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo tuanzie majumbani. Ipo picha ya darasa ukutani: mwalimu kando, watoto wa mbele wamechuchumaa, mmoja ameshika kibao chenye jina la shule na mwaka. Itolewe kwenye fremu mzee angali na macho. Nyuma yake yaandikwe majina kwa penseli laini, mstari kwa mstari kama watu walivyopangwa, kwani wino wa kalamu hupenya hadi mbele. Isifunikwe kwa plastiki ya moto, maana haitolewi tena. Iwekwe ndani ya bahasha ya karatasi mahali pakavu pasipo jua, na nakala yake ipigwe kwa skana ya ofisini, itunzwe parokiani na shuleni pia.

Karema itatimiza miaka 150 mwaka 2035. Kila parokia iliyozaliwa nayo ikiteua watu wawili watatu wa kuzungukia wazee na kukusanya picha, na kila shule ikarudia desturi ya kupiga picha ya darasa na kuandika majina yote, jubilei hiyo itakuta kitabu kilichoandikwa na wenyeji. Mapadre walituachia nidhamu ya kuandika kila siku. Waliosahauliwa katika maandishi yao ni watu wetu, na kuwarudishia majina ni wajibu wetu.