Ndani ya Ala: Ngozi, Shaba na Kisingizio cha Little Bighorn

Neno "ala" katika Kiswahili lina kazi mbili. Ni chombo cha kufanyia kazi, ndiyo maana tunasema ala za muziki. Pia ni mfuko wa kuchomekea kisu, upanga au bastola. Watu wakiisifu ala ya ngozi husifu nje: mshono, nakshi, rangi inavyong'aa. Lakini fundi mzoefu husumbuliwa zaidi na ndani, kule gizani ambako ngozi na chuma hukaa vimegusana mwaka mzima. Apake rangi mpaka ndani au aache? Azibe kwa nta au aiache ngozi kama ilivyo?

Linaonekana swali la karakana tu. Ila kuna wakati, huko Marekani, swali hilo lilitoka karakana likaingia kwenye historia ya taifa. Ngozi ikaitwa shahidi, na wengine wakaifanya mshtakiwa, katika kesi ya kipigo kikubwa ambacho jeshi la nchi hiyo lilipata kutoka kwa wenyeji wa nyanda zake.

Tuanze na ngozi yenyewe. Ngozi mbichi huoza. Ili isioze, watu waliiloweka katika maji ya magome ya miti yenye tanini. Ulaya walitumia mwaloni. Kwetu, magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalisafirishwa nje kwa kazi hiyo tangu enzi za Wajerumani, na miwati ya Njombe ilipandwa kwa sababu hiyohiyo. Tanini ni jamii ya kile kinachofanya chai ya rangi iliyokolea ikukwaruze ulimini. Hebu tumbukiza msumari wenye kutu kwenye chai kama hiyo uiache: itageuka nyeusi. Chuma kimekutana na tanini.

Mafundi walilijua hilo zamani sana. Waliloweka vipande vya chuma katika siki, wakapaka maji yake kwenye ngozi, na ngozi ikawa nyeusi papo hapo. Hiyo haikuwa rangi iliyokaa juu ya ngozi. Ngozi yenyewe ilikuwa imebadilika. Na wasomaji wa fasihi wana sababu ya kuujali mchanganyiko huu, kwa kuwa ndio uliotengeneza wino wa Ulaya kwa karne nyingi: vinundu vya mwaloni vyenye tanini, pamoja na chumvi ya chuma. Barua, hati za mashamba na miswada mingi ya vitabu viliandikwa kwa wino huo. Leo wahifadhi wa maktaba wanahangaika nao kwa sababu asidi yake hula karatasi polepole.

Sasa geuza mambo. Badala ya kupaka maji ya chuma kwenye ngozi, weka bastola ndani ya ngozi iliyopata unyevu, kisha uisahau. Mchakato ni uleule, safari hii bila idhini yako. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa na jasho. Tanini yake ina asidi. Chuma huanza kuliwa, na ngozi hupata madoa ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana kanuni ya zamani ni kwamba silaha haihifadhiwi ndani ya ala. Ala ni ya kubebea.

Fundi hupigana na hali hiyo kwa njia chache. Husugua upande wa ndani, ule uliokuwa umeshika nyama, mpaka vinyuzi vyake vilale. Huweza kupaka nta ya nyuki ili unyevu usipenye kirahisi. Mafuta huyatumia kwa kiasi, maana yakizidi ngozi hulegea na ala hupoteza umbo. Rangi nayo akiipaka ndani lazima aisugue mpaka kitambaa kitoke safi, la sivyo itahamia kwenye chuma. Wengine huacha ndani bila rangi kabisa. Wengine hushonea kitambaa cha ngozi laini, ingawa kitambaa nacho hushika vumbi na maji. Kila njia ina gharama yake.

Shaba ina balaa lake. Ikikaa na asidi na mafuta ya ngozi, hutoa utando wa kijani wenye kunata. Hapa ndipo tunafika kwenye mto Little Bighorn, ambao Walakota huuita mto wa Nyasi za Mafuta, katika eneo la Montana.

Tarehe 25 Juni 1876, Luteni Kanali George Armstrong Custer alikishambulia kijiji kikubwa cha Walakota na Wacheyenne akiwa na Kikosi cha Saba cha wapanda farasi. Alikigawa kikosi chake. Kampuni tano alizobaki nazo, watu wapatao 210, ziliangamizwa zote. Wengine, chini ya Meja Marcus Reno na Kapteni Frederick Benteen, walizingirwa mlimani mpaka siku iliyofuata.

Askari wale walibeba bunduki fupi ya Springfield ya mwaka 1873, inayopakiwa risasi moja moja. Kila mmoja alikuwa na risasi 100 za bunduki na 24 za bastola ya Colt. Maganda ya risasi za bunduki yalikuwa ya shaba nyekundu, ambayo ni laini. Na askari wengi wa mipakani hawakupenda pochi rasmi za jeshi. Walijitengenezea, au walishonewa na fundi wa matandiko wa kampuni, mikanda ya ngozi yenye vitanzi vya kuchomeka risasi. Mkanda ulikuwa mwepesi kuutumia ukiwa juu ya farasi. Lakini kila kitanzi kilikuwa ala ndogo, na ndani yake shaba na ngozi vilikaa pamoja kwa wiki nyingi za safari.

Hadithi iliyosambaa baada ya kipigo ni rahisi kuifuata. Utando wa kijani uliota kwenye maganda. Bunduki zilipopata moto ganda lilinata, na kidole cha kulivutia nje kikachana ukingo laini wa shaba. Askari wakabaki wakichokonoa maganda kwa visu huku adui akija. Eti Custer aliuawa na mkanda wake.

Ukweli una vipimo. Mwezi Julai 1876 Reno alimwandikia mkuu wa idara ya silaha kuhusu tatizo la maganda kukwama. Katika bunduki 380 za askari wake, alisema, sita ziliharibika kwa sababu hiyo. Sita. Zaidi ya miaka 100 baadaye, moto wa nyasi uliunguza uwanja wa mapambano mwaka 1983, na wanaakiolojia wakiongozwa na Douglas Scott na Richard Fox wakapata nafasi ya kuupekua. Waliyaokota maganda na kuyachunguza moja moja. Yenye alama za kuchokonolewa yalikuwa machache mno, kama 3 katika kila 100.

Kwa hiyo tatizo lilikuwepo, na huenda liligharimu maisha ya mtu huyu au yule. Lakini halikuamua siku ile. Maganda yaliyookotwa yanaeleza jambo jingine: wapiganaji wa upande wa pili walikuwa na silaha za kila aina, zikiwemo Henry na Winchester zinazofyatua mfululizo, na walisogea kutoka eneo moja hadi jingine kwa mpango. Waliwazidi askari kwa idadi, walikuwa na viongozi kama Crazy Horse na Gall, na walikuwa wanalinda watoto wao. Mwaka 1881, Red Horse, Mlakota aliyekuwepo, aliyachora mapambano yale katika michoro 42. Aliwachora askari, farasi, na maiti. Ushahidi ulikuwepo tangu mwanzo. Shida ilikuwa nani anahesabiwa kuwa shahidi.

Hapo ndipo kisa cha ngozi kinaponigusa. Lawama ikiwekwa kwenye kitanzi cha mkanda, haihitaji kusema kwamba Walakota na Wacheyenne walishinda. Inatosha kusema vifaa viliharibika. Tunaujua mtindo huo hata huku kwetu, pale ushindi wa mwenyeji unapoandikwa kama bahati mbaya ya mgeni: mvua ilinyesha, malaria, risasi ziliisha. Na ubaya wa kisingizio cha aina hii ni kwamba kina punje ya ukweli ndani yake. Utando wa kijani haukuzushwa.

Jeshi lenyewe lilijifunza somo la karakana. Anson Mills, ofisa aliyekuwa amesajili hataza ya mkanda wa risasi tangu 1867, alikuja na mkanda uliofumwa kwa pamba, vitanzi vikiwa sehemu ya mfumo uleule, bila ngozi ya kugusa shaba. Ulimpa utajiri. Katika miaka ya 1880 shaba nyekundu nayo iliachia nafasi shaba ya njano iliyo ngumu zaidi. Yaani badala ya kutafuta namna bora ya kuziba ndani ya ngozi, waliiondoa ngozi.

Kuna kipande kimoja kimebaki, na ni cha wapenda vitabu. Mkuu yule wa idara ya silaha aliyeandikiwa na Reno, ambaye ganda lile la shaba lilijulikana kwa jina lake, aliitwa Brigedia Jenerali Stephen Vincent Benét. Mjukuu wake alirithi jina lote akawa mshairi, na alipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1929. Shairi lake moja la mwaka 1927 linafungwa na mstari unaotaja Wounded Knee, mahali ambapo mwaka 1890 kikosi kilekile cha Saba kiliua mamia ya Walakota, wengi wao wanawake na watoto. Mwandishi Dee Brown aliuchukua mstari huo na kuufanya jina la kitabu chake cha mwaka 1970, kitabu kilichowafanya wasomaji wengi waitazame historia ya nyanda zile kwa macho ya wenyeji.

Shairi lenyewe lilihusu mapenzi ya mshairi kwa majina ya mahali ya Marekani. Halikuandikwa kuwatetea Walakota. Wasomaji ndio waliolipeleka huko. Jina la babu lilibaki kwenye maganda yaliyozikwa ardhini Montana, na maneno ya mjukuu yakawa mlango wa kuingilia upande wa waliozikwa Wounded Knee.