Pilates

Pilates ni mfumo wa mazoezi ya viungo ulioasisiwa na Joseph Hubertus Pilates, aliyezaliwa Mönchengladbach, Ujerumani, mwaka 1883 na kufariki New York, Marekani, mwaka 1967. Mwenyewe aliuita Kontrolojia. Leo hufanywa na watu wa kila aina, lakini waliouthamini mapema na kuueneza ni wacheza dansi.

Utotoni Pilates alisumbuliwa na pumu, akajijenga kwa jimnastiki na ndondi. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, na kwa kuwa alikuwa Mjerumani akawekwa kizuizini, baadaye katika kambi ya Knockaloe kwenye Kisiwa cha Man. Husimuliwa kwamba huko alifunga springi kwenye vitanda ili wagonjwa wafanye mazoezi wakiwa wamelala. Katika miaka ya 1920 alihamia New York, na pamoja na mwenzi wake Clara akafungua ukumbi wa mazoezi katika barabara ya Eighth Avenue. George Balanchine na Martha Graham, vigogo wa dansi wa zama hizo, walikuwa miongoni mwa waliomfahamu na kumpelekea wachezaji wao.

Sababu yao inaeleweka. Mchezaji huumia zaidi kwa kurudiarudia kuliko kwa ajali: mruko uleule, mzunguko uleule, mpaka kifundo cha mguu, goti, nyonga au kiuno kilalamike. Akilala kitandani muda mrefu, nguvu zinamwishia. Akirudi jukwaani upesi, anatonesha jeraha. Kifaa kiitwacho rifoma kinamsaidia katika kipindi hicho cha katikati. Ni fremu kama kitanda, yenye jukwaa linaloteleza, springi, kamba na upau wa miguu. Mchezaji hulala chali, hukanyaga upau, kisha hukunja na kunyoosha magoti kama afanyavyo darasani, ila hapa miguu haibebi uzito wote wa mwili. Mwalimu hubadilisha springi kadiri mguu unavyopata nguvu, na huona papo hapo goti linapokwenda upande au nyonga moja inapopanda.

Si lazima kuwa na mashine. Kitabu cha Pilates cha mwaka 1945, alichokiandika na William John Miller, kina mazoezi 34 ya mkekani. La kwanza ni Mia: unalala chali, unainua miguu, kichwa na mabega, kisha unapigapiga mikono iliyonyooka kando ya mwili, ukivuta pumzi kwa mapigo 5 na kuitoa kwa 5, hadi yatimie 100. Tumbo likivimba au shingo ikikaza, kichwa kinashushwa, magoti yanakunjwa, au zoezi linasimamishwa. Kurudia mara chache kwa usahihi ndiko kunakotakiwa, na hapa ndipo wanafunzi wengi wenye haraka hukosea.

Mfumo huu una mipaka. Hautoshi kuandaa moyo na mapafu kwa onyesho refu, wala kufundisha miguu kutua baada ya kuruka. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2015 ilikuta kwamba huwasaidia wenye maumivu ya kiuno, lakini haikupata ushahidi wa kutosha kwamba unayazidi mazoezi mengine. Wala mazoezi haya hayazibi pengo la usingizi na chakula. Msichana anayejinyima chakula ili awe mwembamba anaweza kukosa hedhi na kudhoofisha mifupa hadi ipate nyufa. Huo ni ugonjwa, na walimu wa dansi wanaousifia kama nidhamu wanawadhuru wanafunzi wao.

Mwaka 2000 mahakama ya New York iliamua kuwa Pilates ni jina la aina ya mazoezi, si alama ya biashara ya mtu mmoja. Kwa hiyo nchini Marekani yeyote anaweza kulitumia, awe amesomea au la. Kabla ya kumkabidhi mwalimu goti au kiuno kilichoumia, mwone daktari, kisha umuulize mwalimu huyo alisomea wapi na kwa muda gani.