Kwa nini krosi za Land Rover kuukuu haziishi kulika

Fundi wa Dar au Mombasa akikwambia "propela imechoka", usitafute ndege. Propela shafti ni lile bomba la chuma linalopita chini ya gari, kutoka gia boksi hadi kwenye difu. Kila ncha yake ina kiungo chenye umbo la msalaba, ndiyo krosi, na hicho ndicho kinachogonga "tak!" ukitoka gia ya mbele kwenda rivasi. Wale wenzetu wanaofufua Land Rover za zamani huku Uingereza wanaijua sauti hiyo. Wananunua krosi mpya, wanafunga, baada ya miezi michache tak! imerudi. Lawama zote kwa krosi. Mimi naona mara nyingi kosa ni la pembe, na hesabu yake ilijulikana kabla ya gari lolote kuundwa.

Nchi nyingi za Ulaya zinakiita kiungo hiki kwa jina la Gerolamo Cardano, Mtaliano aliyefariki mwaka 1576. Lakini aliyekichambua kwa undani ni Robert Hooke wa London, katika kitabu chake cha 1676 kuhusu vyombo vya kutazamia jua. Aliona jambo la ajabu: ukizungusha mhimili mmoja kwa mwendo ulio sawa, na wa pili umeinama, ule wa pili hauendi sawa. Unakimbia kidogo, unachelewa kidogo, mara mbili katika kila mzunguko. Hooke wala hakuona ni kasoro. Kivuli kwenye saa ya jua nacho hakisogei kwa pembe ileile kila saa, na kiungo hiki kiliweza kuuiga mwendo huo.

Kwenye gari, sasa, ni balaa. Chukua propela inayozungushwa mara 1,000 kwa dakika. Krosi ikiinama digrii 10, upande wa pili unapanda na kushuka kati ya 985 na 1,015 hivi. Ikiinama digrii 20, ni kati ya 940 na 1,064. Umeona? Pembe imeongezeka mara mbili tu, mtikisiko umeongezeka zaidi ya mara nne.

Magari mengi ya mwanzo yalitumia minyororo, kama baiskeli. Louis Renault alitumia shafti kwenye gari lake la 1898, na kule Marekani Clarence Spicer akapata hataza ya kiungo chake mwaka 1903. Dawa ya kuyumba ilikuwa ileile: weka krosi mbili, zenye pembe sawa, ili ya pili ifute makosa ya kwanza. Uso wa gia boksi na uso wa difu inapofungwa propela viwe sambamba, na nyuma za shafti, yaani zile panda mbili zinazoshika krosi, zitazamane kwenye mstari mmoja.

Land Rover ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 ilifuata kanuni hiyo. Halafu tukaja sisi na mapenzi ya gari refu kwenda juu. Ukiweka springi ndefu, pembe zote mbili zinakua. Hata zikibaki sawa, bomba la katikati bado linakimbia na kuchelewa, na krosi ndizo zinazobeba mzigo. Ukirefusha vile vibao vinavyoshika ncha ya springi, ndiyo mbaya zaidi: ekseli nzima inazunguka kidogo, difu inainua au inainamisha pua, usambamba umekwisha. Hapo utafunga krosi za dhahabu na bado zitalika. Kinachotakiwa ni kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, kurudisha difu mahali pake.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima. Gari lisimame juu ya magurudumu yake, maana likining'inia kwenye jeki pembe ni za uongo. Simu yenye programu ya kupimia pembe inatosha. Vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vya krosi linasema grisi imekauka. Hiyo si pembe. Mtikisiko unaokuja kwenye mwendo fulani hata na krosi mpya, hiyo nashuku pembe, au mtu aliichomoa shafti kwenye meno yake ya kuteleza akairudisha vibaya. Weka alama ya rangi kabla ya kufungua. Na usitamani pembe ya sifuri: sindano ndogo ndani ya vikombe zisipotembea kabisa, zinachimba vishimo mahali pamoja.

Jambo moja la mwisho, tafadhali, kwa sababu hili linaweza kuua. Kwenye Land Rover hizi za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu. Dramu yake iko nyuma ya gia boksi, na inazuia propela ya nyuma. Ukifungua propela hiyo, breki ya mkono imebaki pambo. Hata ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, difu inaliacha lizunguke na gari linaweza kuondoka. Ziba magurudumu kwa magogo, mbele na nyuma, ndipo uingie chini na spana.