Kukariri na Ghaibu: Historia Fupi ya Ufundi wa Kuhifadhi

Katika mijadala ya elimu lawama moja husikika mara kwa mara, nayo ni kwamba chuo cha pwani kiliwafundisha watoto kama kasuku, wakasema wasiyoyafahamu. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini yachanganya mambo mawili ambayo lugha ya Kiswahili haikuyachanganya. Kurudia maneno ni jambo moja. Kuyatoa moyoni pasipo kuyatazama ni jambo jingine. Historia ya uchunguzi wa kumbukumbu yaonyesha ya kwamba tofauti hiyo ina uzito mkubwa.

Yafaa maneno yenyewe yatazamwe kwanza. Kukariri latokana na Kiarabu karrara, yaani kufanya jambo tena na tena. Kudurusu latokana na darasa, kusoma. Na katika Kiswahili lilipata maana ya kuyapitia upya yaliyokwisha somwa. Kuhifadhi ni kulinda kitu kisipotee. La nne ni ghaibu, ambalo asili yake ni hali ya kutokuwapo: asomaye kwa ghaibu husoma na maandishi hayapo mbele yake. Katika vyuo vilivyotumia ubao, mwanafunzi aliandikiwa aya, akazisoma kwa sauti, kisha akamsomea mwalimu bila kutazama. Ndipo ubao ukaoshwa upate kuandikwa somo jipya. Maandishi yakisha oshwa, pa kutazama hapakuwapo tena ila moyoni.

Huko Ujerumani, Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu chake juu ya kumbukumbu katika mwaka wa 1885. Alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akahesabu ni kazi kiasi gani iliyopungua alipojifunza tena orodha ile ile. Baada ya saa moja aliokoa sehemu 44 katika 100 za kazi ya kwanza. Baada ya siku moja, 34. Baada ya siku 31, 21. Basi usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Aligundua pia ya kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 yaliyofuatana siku moja. Faida ya kudurusu ikapata hesabu yake.

Zamu ya ghaibu ilifuata. Katika mwaka wa 1917 Arthur Gates, huko Marekani, aliwapima watoto wa shule, akaona ya kwamba waliotumia sehemu kubwa ya muda wao kujisomea bila kutazama walihifadhi zaidi kuliko waliosoma tu. Mwaka wa 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilirudia swali hilo kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma habari mara mbili. Jingine lilisoma mara moja, kisha likaandika yote liliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma mara mbili walitangulia, 81 katika 100 kwa 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka 56, na wenzao 42. Kusoma tena humpa msomaji wepesi ambao yeye hudhani ni ujuzi. Kujipima humwonyesha upungufu wake mapema.

Umbo la maneno nalo lina kazi yake. Ebbinghaus alipojifunza beti za Byron zenye silabi kama 80, alihitaji kiasi cha sehemu moja katika kumi tu ya juhudi iliyohitajiwa na silabi tupu. Maana, mizani na vina vilimsaidia. Jambo hilo halikuwa geni Mombasa. Muyaka bin Haji alifariki yapata mwaka wa 1840, na mashairi yake mengi yalikusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka wa 1890, akishirikiana na W. E. Taylor, ndipo katika mwaka wa 1940 William Hichens akaitoa diwani. Kwa miongo kadha mashairi hayo yalikuwa yakiishi midomoni mwa watu. Katika shairi la mizani kumi na sita, lenye kina cha kati na cha mwisho, neno likisahauliwa nafasi yake hubaki wazi, na si kila neno liwezalo kuijaza.

Hata hivyo mizani na marudio havitoshi. Fergus Craik na Robert Lockhart walieleza katika mwaka wa 1972 ya kwamba neno lililozingatiwa kwa maana yake hukaa kuliko lililozingatiwa kwa sauti au sura yake tu. Hapo ndipo lawama ya kasuku ina haki: mtoto aliyehifadhi Kiarabu asichokijua alinyimwa msaada ulio mkubwa, akalazimika kuufidia kwa juhudi nyingi. Lakini kosa lilikuwa katika kukosekana kwa maana, wala halikuwa katika ghaibu. Shule inayopiga vita kukariri, kisha ikawaacha wanafunzi wapitishe macho tu juu ya madaftari yao usiku wa kuamkia mtihani, imeitupa ghaibu, na kukariri kwenyewe imekubakiza.