Nta, risiti na kumbukumbu: somo la Misri kwa watu wa Kibosho

Hebu anza na swali: nini kitabaki cha kuwasimulia wajukuu zetu maisha ya kihamba?

Twende Misri kwanza. Kati ya karne ya 1 na ya 3, watu wa Fayum walichora sura za marehemu wao na kuzifunga juu ya maiti. Mwaka 1888 mwanaakiolojia Flinders Petrie alifukua nyingi pale Hawara, na macho yao bado yanakutazama kama ya jirani. Nyingi zilichorwa kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kuchanganywa na rangi ya unga. Mbinu hiyo inaitwa enkostiki, kwa Kigiriki "kuchoma ndani". Ukame wa jangwa ulisaidia, lakini nta nayo huzuia maji na haiozi ovyo.

Sasa sikia hii. Karne chache kabla ya hapo, Wamisri walitengeneza maganda ya kufunika maiti kwa karatasi za mafunjo zilizotupwa: risiti, barua, mikataba. Zilibandikwa tabaka kwa tabaka, kisha zikapakwa rangi. Petrie alipobandua maganda ya Gurob, alikuta hata vipande vya maandishi ya Plato. Kumbe taka ndiyo iliyotunza historia!

Na kwetu? Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alikuwa Dar es Salaam akichora kwenye vipande vya mbao za dari kwa rangi za kupakia baiskeli. Vitu vya ujenzi na vya fundi baiskeli vikazaa sanaa inayojulikana duniani.

Kibosho mali ghafi ipo. Baadhi ya mbao za Fayum zilikuwa za mkuyu, mti ambao hata huku tunaujua. Mizinga tunayo. Enzi za Mjerumani nta ilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje, lakini leo wengi wakishakamua asali hutupa masega. Na ndani ya masanduku ya wazee kuna risiti za kahawa za KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanza 1933. Kahawa inang'olewa, risiti zinawashia moto. Hapo ndipo tunapopoteza kumbukumbu ya kila nyumba ilipeleka kilo ngapi.

Ukitaka kujaribu, piga picha risiti kwanza, halafu tumia nakala. Yeyusha nta ndani ya sufuria iliyowekwa kwenye maji ya moto, kamwe usiiweke juu ya moto wenyewe, maana inashika moto. Nta safi huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi. Bandika nakala kwenye ubao mkavu, paka nta nyembamba, weka jani la kahawa au kifungo cha zamani, kisha paka tena. Usiitundike juani, italainika.

Ile risiti yenyewe irudishe sandukuni. Kabla hujafunga, muulize mwenye sanduku: mwaka ule kahawa ililipa nini? Jibu lake liandike nyuma ya ubao.