Mombasa na Malindi: Miji Miwili Iliyogombana

Sisi tukaao Ganako, chini ya misitu ya Ngorongoro, tumezoea kusikia kwa wazee habari za vita vya kale baina ya Wamasai na Wadatoga. Vita vile vilikuwa vya malisho na maji. Leo twataka kueleza vita vya namna nyingine, yaani vita vya mji kwa mji, ambavyo katika nchi zetu vilitokea pwani.

Zamani zilikuwako nchi zisizokuwa na mfalme mmoja. Kila mji ulikuwa dola peke yake, una mtawala wake, sheria zake na askari wake. Ndivyo ilivyokuwa Uyunani. Athens na Sparta zilipigana tangu mwaka 431 hata mwaka 404 kabla ya Kristo. Sparta ikashinda, lakini kwa merikebu zilizogharimiwa na Uajemi, adui wa kale wa Wayunani. Ugomvi wa miji ile haukwisha, na mwaka 338 Philip, mfalme wa Makedonia, akaja akazishinda Athens na Thebes pamoja.

Pwani yetu nayo ilikuwa hivyo. Kilwa, Mombasa, Malindi, Pate na Lamu zilikuwa na lugha moja na dini moja, walakini kila mji ulijitawala. Mombasa ilikuwa kisiwa chenye bandari nzuri. Malindi ilikuwa kaskazini yake, mwendo wa kama maili 70. Kila mmoja ulitaka vyombo vya Bara Hindi na Arabuni, vijavyo na pepo za kaskazi, vitie nanga kwake, wafanya biashara wauze nguo na shanga na kununua pembe. Mombasa ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi, na Malindi iliona uchungu.

Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alifika Mombasa. Watu wa huko hawakumwamini, akaondoka. Malindi ikampokea kwa heshima na kumpa rubani wa kumwongoza mpaka Bara Hindi. Tusiwacheke watu wa Malindi. Mtu mdogo aliyeonewa na jirani mkubwa akiona mgeni mwenye mizinga, hudhani kwamba amepata rafiki.

Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Mombasa, akaiteka nyara na kuitia moto. Baada ya msiba ule mfalme wa Mombasa alimwandikia barua mfalme wa Malindi, adui yake, akimweleza maafa yaliyompata. Onyo lile halikuleta mapatano. Mwaka 1528 Nuno da Cunha alipokuja kuipiga Mombasa mara nyingine, watu wa Malindi walikuwa pamoja naye.

Mwaka 1589 mambo yalizidi. Mombasa ilikuwa imewapokea Waturuki ili wausaidie mji juu ya Wareno. Manowari za Wareno zikaja kutoka Goa, na wakati huohuo Wazimba, watu wa vita waliotoka kusini, wakavuka na kuingia kisiwani. Mji ukaangamia. Wazimba wakaenda mpaka Malindi, lakini huko Wasegeju waliisaidia Malindi, nao Wazimba wakashindwa. Kisha Mombasa yenyewe ikatwaliwa, na mfalme wa Malindi akahamia huko kutawala. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kando ya bandari.

Basi, Malindi ilikuwa imeshinda. Je, ilipata nini? Mfalme alipohama, biashara ilihama pamoja naye, na Malindi ikafifia. Naye mfalme aliona kwamba mwenye ngome ndiye mwenye mji. Hasan, wa ukoo ule wa Malindi, aligombana na makapteni wa Wareno, akauawa kwa shauri lao mwaka 1614. Mwanawe Yusuf, angali mtoto, alichukuliwa Goa, akabatizwa na kulelewa na Wareno. Wakamrudisha kuwa mfalme mwaka 1626. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapteni, na Wareno wengi wakauawa mjini. Mwaka uliofuata akaondoka Mombasa, na Wareno wakairudia ngome yao. Hivyo nyumba iliyompokea mgeni kwa furaha mwaka 1498 ilikosa baba, kisha ikakosa enzi.

Wareno nao hawakudumu. Tarehe 13 Desemba 1698 Waarabu wa Oman waliitwaa ngome baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mombasa ikapata bwana mwingine.

Wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Twaona katika habari hizi kwamba kunguru hakuja kwa nguvu zake tu. Panzi mmoja alimfungulia mlango, akitumaini kwamba ataliwa mwenziwe peke yake. Mombasa nayo ina fungu lake la lawama, kwani jirani asiyeonewa hana haja ya kutafuta mlinzi ng'ambo ya bahari. Yatupasa kupatana na jirani ilhali shauri lingali mikononi mwetu sote wawili.