Athari za Dawa za ADHD kwa Watoto na Malezi ya Nyumbani (Jericho, Nairobi)

Athari za kando za dawa za ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na utulivu, ni mabadiliko yasiyokusudiwa yanayompata mtoto anayetumia dawa za kumsaidia kutulia na kuzingatia. Zilizo za kawaida ni kukosa hamu ya kula, usingizi kuchelewa, maumivu ya tumbo na ya kichwa, na hasira za jioni. Nyingi hujitokeza wiki za kwanza, kisha hupungua zenyewe au daktari anaporekebisha kipimo. Hata hivyo, ndizo huwafanya wazazi wengi waache dawa kimyakimya. Katika mtaa wa Jericho, Eastlands, ambako daktari bingwa yuko mbali na nyumbani na mtoto humwona mara chache, kazi ya kuziona na kuzipunguza humwangukia mzazi, au nyanya anayelea mjukuu. Ni kazi ya kila siku, na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Mtaa

Jericho imo katika eneo bunge la Makadara, kando ya Barabara ya Jogoo, ikipakana na mitaa kama Maringo, Jerusalem na Uhuru. Ilijengwa na baraza la jiji mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya wafanyakazi wa Nairobi. Sehemu moja, Ofafa Jericho, ina jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa 1953. Nyingine, Jericho Lumumba, ina jina la Patrice Lumumba wa Kongo. Nyumba ni ndogo, na wapangaji wengi wameongeza vyumba vya mabati uani. Mtaa una soko, kituo cha afya cha umma na uwanja wa Camp Toyoyo, unaojulikana kwa soka.

Dawa zenyewe

Dawa inayotumika zaidi duniani kwa ADHD ni methilifenideti. Iliundwa 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, mjini Basel, Uswisi, ikaanza kuuzwa 1954 kwa jina la Ritalin, lililotokana na Rita, jina la utani la mkewe Marguerite. Kabla ya hapo, 1937, daktari Charles Bradley wa Rhode Island, Marekani, alikuwa ameeleza jinsi watoto waliopewa Benzedrine, dawa ya jamii ya amfetamini, walivyotulia na kufanya vizuri darasani. Jambo hilo liliwashangaza wengi, kwa kuwa dawa hizi ni vichangamshi. Leo inafahamika kwamba huongeza dopamini na noradrenalini katika sehemu za ubongo zinazosaidia kupanga, kusubiri na kujizuia, na kwa hiyo mtoto huweza kujitawala.

Kidonge cha kawaida cha methilifenideti hufanya kazi kwa saa 3 hadi 4, na aina ya kutoa dawa polepole hufika saa 8 hadi 12. Kidonge cha aina hii ya pili hakipondwi wala kutafunwa, maana dawa ya siku nzima itaingia mwilini kwa mkupuo mmoja. Daktari huanza na kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 5, na kukipandisha taratibu. Mtoto wa chini ya miaka 6 huathirika kwa urahisi zaidi, na kwake mafunzo ya malezi kwa wazazi hutangulia dawa.

Dawa zisizo vichangamshi ni pamoja na atomoksetini, iliyoidhinishwa Marekani 2002, ambayo huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha nguvu zake zote na huweza kuleta kichefuchefu na uchovu. Klonidini na guanfasini huleta usingizi na kushusha shinikizo la damu. Haziachwi ghafla, kwa sababu shinikizo linaweza kupanda kwa kasi.

Athari kuu na namna ya kukabiliana nazo

*Kabla ya kidonge cha kwanza.* Watoto wengi wenye ADHD hulala kwa shida, hula kwa kusumbua na hukasirika upesi hata kabla ya kutumia dawa yoyote. Mzazi anayeandika hali hiyo wiki moja kabla ya kuanza huwa na kipimo cha kulinganisha: saa ambayo mtoto hulala, anachokula, mara anazolalamika tumbo, uzito wake. Bila maandishi hayo kila tatizo la zamani huonekana jipya, na dawa hulaumiwa kwa mambo iliyoyakuta.

*Chakula.* Kukosa hamu ya kula ndiyo athari inayolalamikiwa zaidi. Huanza dawa inapoanza kufanya kazi na huisha nguvu zake zinapokwisha, kwa hiyo chakula kinachoathirika zaidi ni cha mchana. Dalili yake ya kwanza nyumbani ni mkebe wa githeri unaorudi kutoka shuleni ukiwa vilevile, kifuniko kikiwa bado kimekazwa. Tangu 2023 wanafunzi wa shule nyingi za msingi za umma jijini hupata chakula cha mchana cha mpango wa Dishi na County kwa shilingi 5, wakilipia kwa kugusisha bangili ya mkononi. Kwa mtoto anayetumia dawa, sahani hiyo humfikia saa ambayo tumbo lake limefunga.

Suluhisho ni kuhamisha chakula kingi kwenye saa ambazo dawa haina nguvu, na kumwacha mtoto ale kidogo mchana bila kumlazimisha. Asubuhi, mtoto hula kwanza ndipo ameze kidonge. Bakuli la uji wa wimbi uliotiwa maziwa na njugu za kusaga, pamoja na yai au kiazi kitamu, likiliwa dawa ikiwa bado kwenye pakiti, humpa akiba ya siku. Mpangilio huu unadai mzazi aamke mapema kidogo, maana mtoto aliyemeza kidonge saa kumi na mbili na nusu huenda asitake uji saa moja. Mchana hutosha vitu vidogo visivyochosha mdomo: ndizi, parachichi, mala, kiganja cha njugu. Jioni njaa hurudi, mara nyingi kwa nguvu, na mtoto anayeomba ugali saa tatu usiku baada ya kula saa moja haonyeshi ulafi. Kumtengea sahani ya pili ni sehemu ya matibabu.

Maumivu ya tumbo na ya kichwa ya siku za mwanzo mara nyingi hutulia dawa inapomezwa na chakula na mtoto anapokunywa maji ya kutosha.

*Jioni dawa inapokwisha.* Nguvu za dawa zinapotoka mwilini, baadhi ya watoto huwa wakali, hulia bila sababu au huchangamka kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza dawa. Hali hiyo hudumu saa moja hivi, na mara nyingi huangukia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, wakati mtoto ametoka shuleni na mzazi anaingia kutoka kazini akiwa amechoka. Hapa ndipo ulipo ugumu mkubwa wa matibabu haya: mwalimu humwona mtoto saa dawa inapofanya kazi, na mzazi humwona kabla haijaanza na baada ya kwisha. Mmoja huona faida, mwingine huona gharama, na kila mmoja husema kweli.

Saa hiyo haifai kwa mahojiano ya kazi za shule. Chakula chepesi mlangoni, kisha mchezo wa kukimbia, kwa mfano uwanjani pamoja na wenzake, humfaa mtoto zaidi kuliko kufungiwa ndani ya chumba kimoja na wadogo zake. Hali ikidumu, daktari anaweza kubadilisha aina ya kidonge au saa zake.

*Usingizi.* Dozi ya mwisho ya kichangamshi ikitolewa alasiri sana, usingizi huchelewa. Mambo yanayosaidia ni saa moja ya kulala isiyobadilika, simu na televisheni kuzimwa mapema, na mwanga kupunguzwa. Katika nyumba ya vyumba viwili, kulala mapema kwa mtoto mmoja hutegemea nyumba nzima kupunguza sauti. Melatonini hutumika kwa ushauri wa daktari tu.

*Ukuaji.* Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao MTA, uliofuatilia watoto 579 na kutoa matokeo yake ya kwanza 1999, baadaye ulionyesha kwamba walioanza vichangamshi walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 2 baada ya miaka 3, wakilinganishwa na wasiotumia. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inatosha kudai vipimo. Mwongozo wa Uingereza wa 2018 unataka urefu upimwe kila miezi 6, na uzito wa mtoto wa miaka 10 au chini yake kila miezi 3. Nchini Kenya, kijitabu cha afya ya mama na mtoto hufuata ukuaji hadi miaka 5, umri ambao watoto wengi wa ADHD bado hawajatambuliwa. Baada ya hapo mzazi hujiwekea rekodi yake. Alama ya penseli kwenye mwimo wa mlango, mtoto akiwa bila viatu na visigino vikigusa mbao, tarehe ikiandikwa pembeni, ni rekodi halali kabisa.

Baadhi ya madaktari hukubali mapumziko ya dawa likizo ndefu ya Novemba na Desemba, mtoto anapokwenda ushago, ili ale na kukua. Uamuzi huo ni wa mzazi na daktari pamoja.

*Moyo na dalili za hatari.* Vichangamshi huongeza kidogo mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwa hiyo hupimwa kabla ya kuanza na kila kipimo kinapobadilishwa. Familia yenye historia ya kifo cha ghafla cha kijana humweleza daktari mapema. Kuzimia, maumivu ya kifua, kuona au kusikia visivyokuwepo, na mazungumzo ya kujiua ni sababu za kwenda hospitali siku hiyohiyo.

*Unyong'onyevu.* Mtoto anayekaa kimya kama aliyezimwa, asiyecheka wala kucheza, mara nyingi amepewa kipimo kikubwa kuliko anachohitaji. Utulivu wa namna hiyo si mafanikio, hata darasa likiufurahia.

Shuleni

Mtoto anayetumia kidonge cha saa chache huenda akahitaji dozi ya mchana. Katika shule isiyo na muuguzi, mzazi hupatana na mwalimu mmoja anayeitunza dawa chini ya kufuli. Dawa haiachwi kwenye mkoba wa mtoto, kwa kuwa inaweza kuibwa au kugawiwa wenzake. Daftari moja linalosafiri kati ya nyumbani na shuleni, mwalimu akiandika mstari mmoja kuhusu umakini na chakula cha mchana, na mzazi mstari mmoja kuhusu jioni na usingizi, huunganisha nusu mbili za siku. Daktari aliye na dakika chache hupata humo zaidi ya anachoweza kuuliza.

Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia katazo hilo. Mtoto aliyeruka dozi kwa sababu dawa imekwisha nyumbani hastahili kuchapwa kwa utundu wa siku hiyo.

Huduma

Kituo cha afya cha mtaani kinaweza kupima uzito, urefu na shinikizo la damu, na kumpa mzazi barua ya rufaa. Matibabu yenyewe huanzishwa na daktari wa watoto au wa magonjwa ya akili. Hospitali za rufaa za umma jijini ni pamoja na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Hospitali ya Mathari, iliyoanza kuhudumia wagonjwa wa akili 1910. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko upande huohuo wa Eastlands. Tathmini ya masomo hufanywa na vituo vya elimu maalum vilivyoanzishwa tangu 1984, pamoja na taasisi ya elimu maalum ya KISE, Kasarani, iliyoundwa 1986.

Methilifenideti imo katika Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na nchini Kenya iko chini ya sheria ya udhibiti ya 1994. Haipatikani kihalali bila cheti cha daktari, na si kila duka la dawa huiweka. Busara ni kuanza kuitafuta wiki moja kabla pakiti haijaisha.

Maneno ya mtaani

Kwa wakazi wengi wa Nairobi jina Mathari bado lina maana ya wazimu, na mzazi anayeonekana akielekea huko na mtoto huulizwa maswali mazito. Wengine humwambia kwamba mtoto amedekezwa, amerogwa, au anazoeshwa madawa ya kulevya. Mzazi anayesikia hayo kila siku hukata tamaa upesi athari ndogo inapotokea. Ukweli ni kwamba kichangamshi kilichoandikwa na daktari, kikitolewa kwa kipimo chake na kufuatiliwa, si kitu kimoja na dawa ya kulevya, na ADHD haitokani na malezi mabaya.

Hali ya sasa

Utafiti uliochapishwa 2015 katika hospitali moja ya rufaa jijini Nairobi ulikuta dalili za ADHD kwa asilimia 6.3 ya watoto waliochunguzwa, kiwango kinachokaribia makadirio ya dunia ya asilimia 5 hivi. Shirika la Afya Duniani lilikataa 2019 na tena 2021 kuingiza methilifenideti katika orodha yake ya dawa muhimu. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ilifanyiwa marekebisho 2022, na bima ya afya ya umma ya NHIF ikafuatwa na ile ya SHA Oktoba 2024.